Swali la Mara Moja

Jina lake la utumishi lilikuwa refu na cheo chake kilikuwa cha heshima, lakini kuanzia getini mpaka karakana ya magari watu walimwita Kifutio. Alilipata jina hilo wiki ile ile aliyokabidhiwa kazi ya kutunga mtihani wa makoplo wa polisi wanaotaka kuwa masajenti. Alifungua kabati, akatoa mitihani ya miaka iliyopita, akakaa chini na kuanza kufuta. Swali la kwanza kufa lilikuwa hili: taja rangi ya makoti ya mvua kabla hayajabadilishwa. La pili lilitaka jina la kamanda aliyezindua choo cha mapokezi. Karani aliyekuwa akimtazama akasema, "Afande, ukiendelea hivi tutabaki na tarehe tu." Kifutio akamjibu kwamba tarehe nayo ataiangalia.

Alikuwa inspekta, mama mtu mzima, mfupi, mwenye miwani inayoteleza puani na sauti isiyopanda hata akikasirika. Usimwonee huruma kwa ufupi wake. Waliomdharau kwa hilo walirudi wameufyata. Ukoplo aliusotea kupita kiasi, kwa sababu enzi zake cheo hakikutolewa kwa mtihani hasa, kilitolewa kwa maongezi. Unaingia chumbani, wakubwa watatu wamekaa, wanakuuliza watakalo. Yeye waliwahi kumuuliza, "Ukipandishwa cheo, mumeo atasemaje?" Akajibu, "Atasema hongera." Hakupita. Aliyepita siku hiyo alikuwa kijana aliyeulizwa kama mjomba wake hajambo.

Kwa hiyo alipoambiwa kwamba sasa kutakuwa na mtihani wa haki, na yeye ndiye atakayeutunga, hakuuliza mara mbili. Alitaka mtihani ambao koplo asiye na mjomba angeuamini.

Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya kofia za chuma. Kofia ziliondoka, harufu ya mpira na jasho ikabaki. Palikuwa na meza, dirisha la nondo, na kabati la kufuli mbili ambazo funguo zake zilikaa kwa watu wawili tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake, hata yeye mwenyewe. Humo aliwaita masajenti wakongwe mmoja mmoja, akawamiminia chai na kuwaambia, "Nisimulie siku uliyoharibu kazi." Mwanzoni walijikausha. Nani anamweleza mkubwa wake alivyovurunda? Lakini mlango ukifungwa na chai ikishuka, ulimi hulegea. Mmoja alisimulia alivyowapanga doria moja askari wawili waliogombana, wakarudi na manundu wote wawili na mwizi wakamwacha hukohuko. Mwingine alimwachia kuhesabu silaha mtu mwenye haraka ya kwenda harusini. Kifutio aliandika yote, na kutokana na makosa yale ya kweli akatunga maswali yake. Sajenti halipwi kwa kukumbuka, alikuwa akisema, analipwa kwa kuamua.

Kisha ikaja sehemu aliyojivunia kuliko zote. Kila swali lilisomwa kwa sauti mbele ya masajenti watano wa vituo mbalimbali, nao wakalijibu kila mtu kivyake, bila kuchunguliana. Wakikubaliana, swali linaishi. Wakigawanyika, kifutio. Msomaji alikuwa mwalimu wa gwaride, pande la mtu waliyemwita Ngurumo, ambaye hata akiomba chumvi mezani unajikuta umesimama wima. Kifutio aliamini kwamba swali lenye ufa haliwezi kustahimili sauti ile, litapasuka pale pale. Na mengi yalipasuka kweli. Alikuwa na haki ya kujivuna, tusimnyime.

Palikuwa na jambo moja la nyumbani. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa koplo, na jina lake lilikuwa miongoni mwa waombaji. Huyu walimwita Mwepesi. Alikuwa mwepesi wa miguu, hakuna kibaka aliyemwacha kwenye mbio; mwepesi wa maneno, mwepesi wa kucheka, na mwepesi wa kumaliza kazi na kuuliza iko wapi nyingine. Kifutio alimbeba mgongoni akiwa mchanga, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamtetea kwa mama mara zisizo idadi. Alimpenda kwa namna ile ya kumkaripia kila anapomwona.

Siku ileile alipoliona jina lake, Kifutio alikwenda kwa Kamanda na kulisema. Kamanda akaamua kwamba atunge, ila asisahihishe hata karatasi moja. Karatasi ziwe na namba badala ya majina, na wasahihishaji watoke mbali. Kifutio akaona ni sawa. Nyumbani kwa mama, Mwepesi alijaribu bahati yake, kama ndugu yeyote angejaribu.

"Dada, hata herufi moja tu?"

"Herufi ziko nne," alisema Kifutio. "Chagua."

Mtihani ukafanyika, kimya ukumbi mzima, feni zikizunguka. Matokeo yakabandikwa ukutani. Nafasi za usajenti zilikuwa kumi na mbili, na wa kumi na mbili, wa mwisho kabisa kuingia, alikuwa Mwepesi. Mama yao alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna mtu amejifungua. Gwaride la kuvishwa vyeo lilipangwa Ijumaa, na mama akaanza kualika watu.

Maneno nayo hayakuchelewa. "Mwamba ngoma huvutia kwake," walisema kantini, na Kifutio alipoingia kuchukua chai yake walianza kuzungumzia mpira. Alichukua chai yake akaondoka. Alijua alichofanya na alijua asichofanya, na mtu wa namna hiyo hulala usingizi.

Usingizi huo ulikatika Jumatatu asubuhi, alipokuja koplo mmoja wa kike aitwaye Funguo. Jina lilimjia kwa sababu alikuwa mlinzi wa mahabusu, na shada la funguo kiunoni lilimtangulia kila alikokwenda. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa asiyemwogopa mtu, lakini asubuhi ile midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama. Nikikaa nitalia." Akashusha pumzi. "Nimekosa cheo kwa alama moja. Nimeomba kuonyeshwa karatasi yangu, wamenionyesha. Wamenikata alama mbili za swali la mahabusu mwenye kifua. Mimi! Hao watu wa mahabusu nawajua mpaka wanavyokoroma!"

Kifutio aliyajua maswali yake kwa moyo. Hili lilisema: mahabusu analalamika kwamba kifua kinambana; wewe ni msimamizi wa zamu; lipi ni sahihi? A, kumkagua mara moja na kumwita mganga. B, kumwita mganga na kumkagua tena na tena mpaka afike. C, kumsubiri mkuu wa kituo. D, kuandika kitabuni na kuendelea na kazi. Jibu lilikuwa A. Kwanza unamwendea mtu, unamtazama, ndipo unaita. Masajenti wote watano walilijibu hivyo, bila hata mmoja kusita.

"Jibu ni A, koplo," alisema kwa upole. "Unamkagua mara moja."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Afande, haitoshi!"

"Haitoshi vipi? Kama si mara moja, ulitaka akaguliwe lini?"

"Lini? Nani kasema lini? Nasema haitoshi! Mtu kifua kinambana, unamchungulia mara moja halafu unaenda zako? Akikata roho?"

 Miwani ya Kifutio ikateleza mpaka nchani mwa pua na hakuirudisha. Alivuta karatasi ya maswali, akaliweka lile swali mbele yake na kulisoma kimoyomoyo, kama asiyelijua, kama mtu aliyekaa ukumbini peke yake na kalamu yake. Akalisoma tena.

Kambini, neno hilo lina maana moja tu. Njoo mara moja! Ondoka mara moja! Hajawahi kuzaliwa kuruta aliyeambiwa apange mstari mara moja akauliza na ya pili ni lini. Ngurumo alipolisoma swali lile kwa sauti yake ya gwaride, kila sajenti alisikia amri: sasa hivi, usichelewe. Nani angesikia kingine? Lakini watahiniwa hawakusomewa. Walipewa karatasi, na karatasi haina ngurumo. Kwenye karatasi, mara moja ni sasa hivi, na mara moja ni mara moja tu, siyo mbili. Sauti aliyoitegemea ipasue maswali mabovu ndiyo iliyouziba ufa wa hili.

Iliuma. Aliona aibu usoni na shingoni, maana swali lile alilitunga yeye, na njia ile ya kulipima aliibuni yeye, na alikuwa amejisifia kwa wakubwa.

"Koplo," alisema, "mimi nilimaanisha sasa hivi."

Funguo alimkodolea macho. Kisha, pamoja na machozi yake, akaangua kicheko. "Sasa hivi? Afande, basi si ungeandika sasa hivi!"

"Ningeandika."

"Na mimi nilivyokutukana njiani kote! Nilisema huyu mama hajawahi kuona mgonjwa."

"Nenda kazini," alisema Kifutio. "Nitalishughulikia."

Mlango ulipofungwa alibaki ameketi. Hakuhitaji kalamu kupiga hesabu. Nafasi ni kumi na mbili. Akiingia mmoja aliyeonewa, anatoka wa mwisho, na wa mwisho alikuwa mtoto aliyembeba mgongoni. Alikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko angependa watu wajue. Damu ni damu, na mama alikuwa ameshaalika watu.

Halafu akainuka kumtafuta mwenye ufunguo wa pili.

Wakafungua kabati pamoja na kuzipitia karatasi zote, namba kwa namba. Walichokiona kiliondoa shaka yoyote iliyobaki. Swali zuri hujibiwa vizuri na watu wanaofanya vizuri kwingine. Hili lilikuwa limesimama kichwa chini miguu juu: wengi walioongoza mtihani mzima walikuwa wamechagua B, na wengi waliofeli walikuwa wamechagua A. Mwenye ufunguo wa pili, mhasibu asiyependa makuu, alisema tu, "Ala!" Kifutio akafunga kabati, akaenda kwa Kamanda.

Kamanda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigania mtihani huo mbele ya wakubwa waliotaka maongezi yarudi, na alijua bado wanangoja ateleze. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa uso.

"Swali moja," alisema. "Katika maswali yote hayo. Tukikiri hili, kesho watakuja hata waliopata sifuri."

"Waje, Afande. Kiti kipo."

"Watasema mtihani wote ni mbovu. Watasema bora zamani."

"Zamani mtu akionewa alikuwa analalamika wapi?" aliuliza Kifutio. "Huyu amelalamika, tumeangalia, ana haki. Tukimfukuza, hapo ndipo zamani inarudi, na mlango tutakuwa tumeifungulia sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Afande, na ukuta wenyewe utaniangukia mimi kwanza."

Kamanda alicheka kidogo bila kutaka. "Unapendekeza nini?"

"Aliyechagua A apate, maana ndilo nililomaanisha. Aliyechagua B apate, maana ndilo nililoandika. Tujumlishe upya, tubandike upya, na tueleze sababu pale pale ukutani, kwa maneno ambayo hata mlinzi wa geti atayaelewa. Na kuanzia mwakani, baada ya Ngurumo kusoma, maswali yasomwe kimya na watu ambao hawajayasikia."

"Na mdogo wako?"

"Mdogo wangu ni wa kumi na mbili."

Kamanda alimtazama sana. "Unajua wanavyosema huko nje kuhusu mwamba ngoma."

"Najua. Nimewasikia mpaka kwenye korido."

"Basi wewe unaivutia kwa jirani," alisema Kamanda, akaishika kalamu.

Jioni ile, kabla tangazo halijabandikwa, Kifutio alipita kwa mama yake. Kamanda alimruhusu, kwa sharti kwamba Funguo naye aambiwe saa hiyo hiyo. Mama alikuwa anapiga pasi shati la sare la mwanawe, na Mwepesi, akiwa na fulana, alikuwa akizunguka sebule akionyesha atakavyopiga saluti siku ya Ijumaa. Kifutio hakukaa. Alieleza yote kwa mpangilio, swali, neno, Funguo, hesabu. Alipofika kwenye hesabu, mama aliiweka pasi kando.

"Yaani wewe ndiye umemtoa mdogo wako?"

"Swali langu bovu ndilo lililomwingiza, mama."

"Lakini yeye alijibu sawa! Si umesema aliyechagua A kapata?"

"Kapata. Ila na wengine wamepata, na wamempita."

Mwepesi alikuwa amesimama mkono bado uko karibu na kipaji cha uso, kama saluti iliyosahauliwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Hao waliochagua B ni watu wa kujichosha tu, dada. Nimelisoma lile swali vizuri sana. Unamkagua mgonjwa mara moja, unaita mganga, umemaliza, unaendelea na zamu. Sasa tena na tena ya nini? Ukishamwona si umeshamwona? Mara moja inatosha!"

 Mama ndiye aliyemgeukia kwanza, taratibu.

"Mara moja tu, baba?" alisema. "Mtu kifua kinambana?"

Mwepesi alimtazama mama, akamtazama dada yake. Unaweza kumsema Mwepesi kwa mengi, lakini mjinga hakuwa. Kifutio aliona lile neno likigeuka ndani ya kichwa cha mdogo wake, upande mmoja na upande wa pili, na akaona uso wake ukibadilika. Alitamani kumzuia asielewe. Hakuweza.

"Wewe ulimaanisha sasa hivi," alisema Mwepesi.

"Ndiyo."

"Na mimi nikaweka tiki kwa sababu nilidhani mtu anatazamwa mara moja basi." Akashusha mkono. "Kumbe nilipata kwa kukosa."

Mama alilikunja lile shati, akaliweka mezani.

"Mwambie Kamanda aniondolee zile alama," alisema Mwepesi. "Sistahili. Mwambie nimesema mwenyewe."

"Siwezi."

"Kwa nini? Si ndiyo haki yenu hiyo?"

"Umesema sebuleni kwa mama," alisema Kifutio. "Wenzako waliochagua A, hakuna aliyewafuata majumbani kuwauliza walielewa nini. Na wewe hutaulizwa. Alama ni zako kama zilivyo zao, na mtu akitaka kukunyang'anya atapambana na mimi."

"Na cheo?"

"Cheo si chako, mdogo wangu."

Alilisema bila kuipandisha sauti wala kuishusha, na machozi yakamtoka hapo hapo, naye hakuyaficha. Mama aliichomoa pasi ukutani. Mwepesi akauliza, "Kwa hiyo Funguo atakuwa sajenti wangu?"

"Kuanzia Ijumaa."

"Atanitesa."

"Sana."

Mwepesi akavuta kiti na kukaa, jambo ambalo hakulizoea, akaegemeza viwiko magotini. "Basi nieleze," alisema. "Mtu kama huyo, ukimrudia mara ya pili, unaangalia nini? Na ya tatu je?" Kisha akasita. "Au hili nalo huruhusiwi kuniambia?"

"Hilo si la mtihani," alisema Kifutio. "Hilo ni la mtu."

Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya shati lililokuwa mezani, akaanza kumweleza.